Dadu Zikiharibu Mchezo: Dalili, Chanzo na Tiba

Mwongozo huu ni wa wanaoendesha na wanaocheza michezo ya uhusika ya mezani, ile ambayo msimulizi anaeleza ulimwengu, kila mchezaji anamshika mhusika wake, na jambo likiwa na shaka dadu ndiyo inayoamua. Mifano tumeiweka katika Lamu ya enzi za majahazi na mitepe, kwa sababu mchezaji wa hapa hahitaji kuelezwa maji ya bamvua ni nini wala kichochoro cha mtaa wa Mkomani kina upana gani. Hesabu ni za dadu ya pande 20, kama ya mchezo wa Dungeons & Dragons: unarusha, unaongeza nyongeza ya ujuzi wa mhusika, kisha unalinganisha jumla na kiwango cha ugumu. Jambo jepesi ni 10, la wastani 15, gumu 20, gumu sana 25.

Matatizo mengi yanayotupiwa dadu huwa yameshatokea kabla dadu haijatoka mkononi. Mtu amerusha, na hakuna mezani anayejua akishindwa itakuwaje. Kwa hiyo katika kila dalili iliyo hapa chini, swali la kwanza ni hilohilo: akishindwa, nini kitabadilika? Jibu likiwa "hakuna", au likiwa "hadithi itasimama", basi dadu ile haikupaswa kurushwa, au ilirushwa kwa swali lisilo lake.

"Tumeshindwa, na sasa hatuna pa kwenda"

Wahusika wamevuka hadi Takwa, kisiwani Manda, kutafuta hati iliyofichwa kwenye magofu. Msimulizi anasema, "Rusha dadu ya kutafuta, kiwango 15." Mwenye nyongeza ya 4 anapata 9, jumla 13. Hati haikuonekana. Yote yaliyoandaliwa kwa usiku huo yalikuwa ndani ya hati hiyo. Meza inanyamaza, kisha mmoja anauliza kama wanaweza kutafuta tena.

Chanzo ni kwamba dadu imewekwa kwenye njia pekee ya kusonga mbele. Mwenye nyongeza ya 4 dhidi ya 15 anahitaji 11 au zaidi, yaani nusu kwa nusu. Hadithi nzima imetundikwa hapo bila mtu kukusudia.

Tiba: kitu ambacho hadithi haiendi bila hicho, mpe yule anayekitafuta mahali kilipo kwa njia inayoeleweka. Mfumo wa GUMSHOE, uliobuniwa na Robin D. Laws, umejengwa juu ya msingi huo. Mhusika mwenye ujuzi unaofaa akifika penye dokezo la lazima na kuutumia, analipata, na dadu hairushwi. Mfumo wenu ukiwa mwingine, mnaweza kufanya hivyo bila kugusa kanuni hata moja.

Kinachobaki kurushiwa dadu ni gharama. Na hapa bahari inamsaidia sana msimulizi wa Lamu. Chombo hufika Takwa kwa kijito kinachopita katikati ya mikoko, maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, chombo kinakaa matopeni. Basi pangeni hivi. Hati itapatikana kwa vyovyote. Jumla ya 15 au zaidi, imepatikana mapema na chombo bado kinaelea. Jumla ya 10 hadi 14, imepatikana maji yanapokimbia, na ili chombo kitoke ni lazima kitupwe kitu kizito: pipa la maji ya kunywa, nanga ya pili, au mzigo wa mtu fulani. Chini ya 10, imepatikana, lakini chombo kimekaa, na wanaowafuata wameuona mlingoti juu ya mikoko. Toka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kadhaa, na kurudi ni hivyohivyo. Hiyo ni ratiba ambayo kila mchezaji anaweza kuihesabu mwenyewe, na msimulizi hawezi kushukiwa kuwa ameivuta upande wake.

Haya yasemwe wazi kabla ya kurusha: "Hati mtaiona. Dadu inaamua kama maji yatawasubiri." Wapo wasimulizi wanaodhani kusema hivyo kunaua msisimko. Sisi tunaona kinyume chake. Mchezaji anayeijua hatari anaishika dadu kwa namna nyingine kabisa.

"Nami nirushe! Na mimi!"

Mmoja ameshindwa kutambua mhuri ulio kwenye barua. Papo hapo wengine watatu wanachukua dadu. Wanne wote hawana ujuzi wa mihuri, kila mmoja ana asilimia 30 za kufaulu, lakini wanne kwa pamoja wana asilimia 76 kwamba angalau mmoja atapata. Jambo gumu limegeuka jepesi kwa sababu ya wingi wa mikono. Mbaya zaidi, mezani akiwapo mchezaji aliyemjenga mhusika wake kuwa msomi wa hati, anamwona baharia asiyejua kusoma akipata 19 na kumpiku.

Chanzo: jibu la dadu ya kwanza halikupewa uzito. Halikumaanisha kitu, kwa hiyo kila mtu aliona nafasi bado iko wazi.

Tiba ni kuamua nani anarusha kabla dadu yoyote haijashikwa. Chagueni moja kati ya hizi. Wenye ujuzi huo tu ndio wanaorusha. Au mmoja anaongoza na mwingine anamsaidia kwa kueleza hasa anachofanya, na anayeongoza anarusha dadu mbili na kuchukua ile kubwa. Hii ya pili inapandisha asilimia 30 kuwa 51, na asilimia 50 kuwa 75. Ni msaada mkubwa, kwa hiyo msaidizi asikubaliwe kwa neno "namsaidia" peke yake. Aseme: "Nashika taa karibu na mhuri, na namsomea majina ya watu wa Pate ninaowajua."

Jibu likishatoka, limetoka kwa wote. Hairushwi tena hadi hali ibadilike: wapate mhuri mwingine wa kulinganisha, au wampelekee mtu anayeijua familia hiyo.

"Nahodha wetu kashindwa kutweka tanga"

Hii ndiyo dalili inayouma zaidi meza za pwani, kwa sababu wachezaji wanajua kazi ya chombo ilivyo. Mhusika ni nahodha wa miaka mingi, nyongeza yake 7. Asubuhi tulivu, upepo wa kaskazi wa kawaida, msimulizi anataka dadu ya kutweka tanga, kiwango 10. Inatoka 2. Foromali inaanguka. Mezani wanacheka, na mwenye nahodha hacheki.

Dadu ya pande 20 ina tabia ambayo lazima ijulikane: kila upande una asilimia 5, na hakuna namba ya katikati inayotoka zaidi ya za pembeni. Nahodha huyo dhidi ya 10 atashindwa mara moja kati ya kumi. Hakuna tajiri ambaye angemwachia jahazi mtu wa namna hiyo. Na mkimshindanisha na baharia mgeni asiye na nyongeza yoyote, kila mmoja akarusha yake, mgeni atampita nahodha kwa asilimia 19.5, karibu mara moja kati ya tano. Dadu hii inafaa hali zenye msukosuko. Ukiitumia kupima kazi ya kila siku, inamfanya bingwa aonekane mwanafunzi.

Tiba ya kwanza ni swali: mtu wa kazi hii, katika hali hii, hushindwa? Kama hashindwi, tanga linapanda na hadithi inaendelea. Tiba ya pili ni kuhesabu kwa 10: toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, liliruhusu mhusika asiye na haraka wala kitisho achukue 10 badala ya kurusha. Nahodha wetu anapata 17 bila dadu, na hiyo inatosha kwa jambo la wastani. Baharia mgeni anapata 10, anafaulu mepesi tu. Tofauti ya ujuzi inaonekana kila siku, na dadu inangojea siku yake.

Siku yake ni ipi? Usiku, kusi imechacha, maji ya bamvua yanatoka kwa nguvu kwenye mkondo, na nyuma kuna chombo kinachofukuza. Hapo nahodha arushe, na kiwango kiwe 20. Hata hapo, akishindwa, msimulizi asimfanye mjinga. Kushindwa kwa bingwa kuelezwe kwa ukali wa bahari: upepo umegeuka ghafla, demani, kamba ya tanga, imekatika, fungu la mchanga limehama tangu msimu uliopita. Ujuzi wake unabaki salama, na hatari inabaki ya kweli. Meza nyingi zingepona kwa badiliko hili moja tu, hata zisipofanya jingine lolote.

"Kunyata hakufaulu kamwe"

Wahusika wanapita usiku kutoka Langoni hadi Mkomani bila kuonekana. Msimulizi anataka dadu kwenye kila kona. Mtu mwenye asilimia 70 za kufaulu anaonekana ana nafasi nzuri, lakini kona tano mfululizo zinambakishia asilimia 17 tu. Wengi hukata tamaa na kunyata, wakaanza kuvunja milango, na msimulizi analalamika kwamba wachezaji wake wanapenda fujo.

Chanzo ni kuvunja kitendo kimoja vipande vingi. Kila kipande ni nafasi nyingine ya kushindwa, na hakuna kipande kinachorudisha kilichopotea.

Rusheni mara moja kwa njia nzima, na jibu hilo likae hadi kitu kikubwa kibadilike: mwezi utoke mawinguni, mmoja abebe majeruhi, mlinzi mwenye mbwa aongezwe. Kama wanaonyata ni wanne, msidai wote wanne wafaulu. Kila mmoja akiwa na asilimia 65, uwezekano wa wote kufaulu ni kama asilimia 18. Toleo la tano la Dungeons & Dragons lina kanuni ya kundi: nusu au zaidi wakifaulu, kundi limefaulu. Kwa asilimia 65 hizohizo, kundi la wanne linafika asilimia 87. Msimulizi akiona hiyo ni nyepesi mno, apandishe kiwango cha ugumu. Asirudishe dadu za kila kona.

"Amerusha mara kumi na mbili kufungua kasha"

Hakuna anayewafukuza, hakuna taa inayoisha, na mchezaji anarusha tu mpaka ipatikane. Kila kushindwa kunajibiwa, "Bado." Hapa meza imepoteza robo saa kwa jambo ambalo mwisho wake ulijulikana.

Kama muda haugharimu kitu na kushindwa hakuharibu kitu, mpe. Toleo lile la mwaka 2000 lina njia nzuri ya kulipia: mhusika anachukua 20, lakini kazi inachukua muda mara 20. Jaribio moja likiwa la dakika moja, kasha limefunguka baada ya dakika 20. Jumla isipotosha hata kwa 20, basi hawezi kufuli hiyo, na ajue mapema akatafute ufunguo. Lakini kama kufuli inaweza kuvunjikia ndani, au mwenye nyumba anarudi baada ya swala ya isha, basi kuna gharama, na dadu moja inatosha: akifaulu limefunguka kabla mwenye nyumba hajarudi, akishindwa limefunguka mwenye nyumba akiwa mlangoni.

Mazungumzo: dadu inameza maneno, au maneno yanaimeza dadu

Kuna maradhi mawili yanayofanana. La kwanza: mchezaji anasema tu "Namshawishi," anarusha, anapata 24, na mzee wa Shela aliyekataa kwa miaka kumi anakabidhi jahazi lake. La pili: mchezaji mwenye ulimi mtamu anapata kila kitu bila dadu, na mchezaji mnyamavu mwenye mhusika msemaji hapati lolote.

Chanzo cha la kwanza ni kuiachia dadu iamue jambo ambalo mtu yule hakuwa na shaka nalo. Dadu ni ya aliye katikati, anayeweza kukubali na anayeweza kukataa. Msimulizi ajue kabla ya mazungumzo: huyu mzee anaogopa nini, anataka nini, na kitu gani hatakitoa hata kwa nini. Kile asichokitoa hakina kiwango cha ugumu.

Chanzo cha la pili ni kupima sauti ya mchezaji. Kipimwe kinachosemwa. Mchezaji hahitaji kuigiza hotuba. Inatosha aseme: "Nampa shikamoo kwanza, nangoja anikaribishe barazani, halafu namkumbusha kwamba baba yake na nahodha wetu walisafiri pamoja, na naomba chombo kwa safari moja, nusu ya mapato yake." Msimulizi anapima: heshima imezingatiwa, hoja imegusa anachokijali, ombi lina kikomo, na kuna malipo. Kiwango kinashuka kutoka 20 hadi 15. Aliyeingia bila salamu akataja bei moja kwa moja, kiwango kinapanda kwa 5, hata kama sauti yake ni tamu namna gani. Ndipo ujuzi wa mhusika unaongezwa na dadu inarushwa. Hapo mnyamavu na msemaji wanakaa sawa.

Na kushindwa kusiwe "hapana" tupu. Mzee anakubali, lakini mwanawe lazima aende kama rubani. Au anataka amana. Meza inayoona majibu yake ni ndiyo na hapana tu, kila mara, inaweza kujifunza kwa mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010, unaotumia dadu mbili za pande sita: 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 au chini msimulizi analeta tatizo. Bila nyongeza, sehemu hizo ni kama asilimia 17, 42 na 42. Ukiwa na nyongeza ya 2 zinageuka 42, 42 na 17. Ile ya katikati imebaki ileile, na ndiyo inayozaa hadithi nyingi kuliko nyingine zote.

"Umesema turushe, kwa hiyo kuna kitu"

Msimulizi anataka dadu za kuona na kusikia, zote zinatoka ndogo, anasema "Hamwoni kitu," na ghafla kila mhusika anachomoa jambia. Dadu yenyewe imetoboa siri.

Tumieni namba tulivu: 10 pamoja na nyongeza ya mhusika. Msimulizi aziandike za wote kwenye karatasi moja kabla ya kuanza. Anayejificha ndiye anayerusha, nyuma ya kikingio cha msimulizi, na jumla yake inalinganishwa na namba hizo. Dadu ya wachezaji ibaki kwa anayetafuta kwa makusudi, mfano anayepapasa zidaka za ukutani moja baada ya nyingine.

Dadu inayorushwa kabla ya kuitwa

"Nimepata 18, nataka kupanda ukuta wa ngome!" Zile 3 hazitangazwi kamwe. Kanuni ni fupi: dadu isiyoitwa haihesabiwi, ikiwa 18 au 3. Mchezaji aseme anachotaka na anavyokifanya, msimulizi aseme hatari na kiwango, mchezaji apewe nafasi ya kughairi, ndipo irushwe. Nafasi ya kughairi ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na ndiyo inayofanya lawama ziishe, maana aliyerusha amekubali.

Dadu yenyewe ikishukiwa

Kwanza angalieni mahali pa kurushia. Baraza la mawe linaipeleka dadu mferejini, na mkeka wa ukindu unaiacha imeegemea mshono. Wekeni sinia lenye ukingo, ndani yake tandikeni kanga. Iliyotoka nje ya sinia au iliyoinama inarudiwa, hata ikiwa 20.

Mashaka yakibaki, koroga chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kijiko baada ya kijiko, mpaka dadu ielee. Izamishe kwa kidole, iache ipande, tazama upande wa juu, rudia mara kumi au ishirini. Upande uleule ukipanda karibu kila mara, ina uzito upande mmoja. Nyingine ni nzito na hazielei hata chumvi ikikataa kuyeyuka. Hizo zirushwe mara 200 na kuandikwa. Kila namba inatarajiwa mara 10, na kuona namba yenye 5 au 15 si ajabu. Yenye 25 ni ya kuweka kando.

Dadu hazirushwi kabisa

Meza ikishaponywa na kurusha ovyo, wengine huangukia upande wa pili. Msimulizi anaamua kila kitu kwa kichwa chake. Dalili yake ni kwamba wachezaji wanaacha kuuliza kuhusu upepo, maji na walinzi, wanaanza kumpima msimulizi: anapenda nini leo, kachoka, anataka tushinde? Wanacheza na mtu badala ya hali.

Msimulizi arudishe dadu mahali ambapo yeye mwenyewe hajui jibu na yuko tayari kwa majibu yote mawili. Kabla ya mchezo aandike hali tatu za namna hiyo, na kando ya kila moja sentensi moja ya kushindwa: chombo kimekaa kwenye fungu hadi alfajiri, mdai amefika bandarini kwanza, barua imelowa na nusu yake haisomeki. Asiyeweza kuandika sentensi hiyo kwa hali fulani, aifute hali hiyo kwenye orodha na atafute nyingine.